Lesi ya Mprotestanti

Wasichana wa mashine, toeni hicho kitu masikioni. Toeni cha upande mmoja tu, wimbo wenu usiwapotee. Mnaniita bibi, mnaniletea kiti, mnaniuliza habari za magoti, lakini swali mnalotaka kuniuliza nalijua. Nimeliona machoni mwenu tangu siku mlipofungua kasha langu mkakuta yaliyomo. Mnajiuliza: bibi huyu, mama wa kanisa, alikuwa anafanya nini na suruali za ndani za wanawake wa Kizungu waliokufa zamani?

Nilikuwa nazishona. Ndiyo kazi iliyowasomesha wanangu. Kwa miaka mingi, katika chumba kimoja cha Katuba chenye madirisha mawili na mlango usiofungika vizuri, sisi wanawake wachache tulishona mashimizi, magagulo na suruali za ndani za kufika chini ya goti, zote nyeupe, zote kwa mfano wa zile zilizovaliwa Ulaya enzi za Malkia Viktoria. Kila ukingo tuliutia lesi tuliyoifuma wenyewe kwa mkono. Lesi ya dukani tuliiona kwa wengine.

Zilikuwa zinakwenda kwa Madame Odile, Mbelgiji aliyezaliwa hapa hapa Lubumbashi akaenda kuzeekea kwao. Huko alikuwa na duka la mavazi ya michezo ya kuigiza, na ya watu ambao Jumapili wakipata nafasi huvaa kama bibi zao na kwenda kutembea bustanini. Msicheke. Hata hapa kwetu mnawajua watu wanaokula ugali wa bukari bila mboga wiki nzima ili Jumapili wapite barabarani na viatu vya ngozi ya mamba.

Mwenye chumba alikuwa Ya Josée, yaani dada Josée, ndivyo tulivyomheshimu. Yeye ndiye aliyekata vitambaa, na mkasi wake hakuna aliyeruhusiwa kuushika hata kwa kuuhamisha tu. Na mwenye lesi alikuwa Mama Veronika, mjane wa mfanyakazi wa reli, mtu wa kaskazini mwa Katanga, aliyefundishwa kufuma na masista alipokuwa msichana. Hao wawili mkiwashika vizuri, habari yangu yote mnayo.

Nianze na aibu ya wote, iliyonitangulia kidogo mle chumbani lakini nimesimuliwa mpaka nasema "sisi", halafu nifike kwenye yangu.

Kazi ya kwanza ya suruali ilipokuja, Madame Odile alitutumia mfano: suruali moja ya kale hasa, kitambaa kimelainika kwa kufuliwa, mikunjo midogo midogo juu ya lesi imeshonwa hata huoni sindano ilipita wapi. Tukaizunguka kama watu wanaomtazama mtoto mchanga. Ya Josée akaigeuza, akaona katikati, pale pa siri, miguu miwili haikuungana. Imeachwa wazi kutoka mbele mpaka nyuma.

"Maskini Madame," akasema, "anatutumia kintu ya kupasuka. Panya njo ilikula pale katikati."

"Leta," akasema Mama Veronika. "Mwanamuke hawezi kuvaa kintu ya vile."

Akaishona. Aliishona kwa huruma yote aliyokuwa nayo, mshono wa kulaza, kingo zote mbili zimefichwa ndani, ukipitisha kidole husikii kitu. Tukaifua, tukaipiga pasi, tukashona na zetu zote vivyo hivyo, tumezifunga vizuri, tukazituma. Baada ya majuma kadhaa simu ikalia. Madame Odile alikuwa anaongea Kiswahili chetu kabisa, cha huku huku, na siku ile alikiongea chote.

"Bamama! Mulifanya nini? Ile haikupasuka! Njo vile banavaaka!"

Kumbe ndivyo ilivyovaliwa. Ya Josée alikuwa ameiweka simu juu ya meza ili wote tusikie, na sasa alikuwa anaitazama kama imemtukana. Madame akaeleza kwamba wanawake wale walivaa magagulo mengi, moja juu ya jingine, na juu yake gauni zito. Mwenye haja angeanzaje kuvua suruali chini ya hayo yote? Ndiyo maana iliachwa wazi. Mama Veronika akasogea karibu na simu.

"Madame, na baridi ya kwenu?"

"Na baridi yetu, Mama."

"Haya. Kila muntu na mateso yake."

Basi jueni hilo kwanza: mfano ukikushangaza, uliza kabla hujautengeneza. Sisi tuliutengeneza kwanza, na yule mama wa watu kule alishinda na mkasi mdogo akifumua wema wetu.

Mengine ya kazi nitawaambia haraka haraka, maana mnapenda kuyadharau mpaka yawakute. Kitambaa cha merikani kifue kabla ya kukikata, tena kwa maji ya moto. Sisi kilitufikia kwa akina mama wanaovuka mpaka wa Zambia pale Mokambo, na kilikuja kigumu kwa wanga; mkononi unadhani umepata kitambaa kizito, ukikifua kinarudi nusu ya ulichokiona. Lesi nayo ifue kabla ya kuishonea, la sivyo itajikunja siku ya kufuliwa na shimizi lote litakunja uso. Ukingo wa kitambaa uuviringishe kwa kidole gumba kilicholowa kidogo, kidogo tu, usilambe kidole kama Ya Josée alivyotukataza kila siku huku mwenyewe analamba chake. Ukiishonea lesi, ishike upande wako na uiache ilegee, usiivute hata chembe. Kwenye kona ukusanye zaidi. Lesi iliyovutwa haitasahau.

Halafu vumbi letu. Mnalijua vumbi la Lubumbashi wakati wa baridi, lile jekundu linalokaa hata ndani ya chumvi. Sasa fikirini kufuma uzi mweupe mwezi wa Julai, na mlango ule usiofungika. Mama Veronika alikuwa na birika la bati, la rangi ya bluu, limemenyeka mdomoni. Donge la uzi alilitia humo, akafunika, na ncha ya uzi akaitoa kwenye mdomo wa birika, ikawa inakuja mkononi mwake safi, kidogo kidogo. Wageni walidhani tunakunywa chai ya aina yake. Sindano zake zilikuwa spoku za baiskeli zilizosuguliwa juu ya jiwe mpaka ncha zikawa laini. Hakuna sindano ya dukani niliyoona ikizishinda, na nimeona nyingi.

Sasa niwaambie nilivyofika mimi.

Mume wangu alikuwa fundi Kipushi mpaka mgodi uliposimama. Baadaye akaanza kulima mahindi kule Annexe, pembeni mwa mji, mtu aliyezoea bisibisi na nyundo, na mahindi yaliijua siri hiyo mapema. Nilikuwa na watoto wadogo na najua kushona kidogo. Nikabisha hodi kwa Ya Josée. Akaniuliza jina.

"Ngalula."

Akanitazama. "Ngalula iko jina ya Kasai."

"Ndiyo, Ya Josée."

Nyinyi hamkuwapo, na waliokuwapo hawapendi kuwasimulia. Ilikuwa miaka michache tu tangu watu wetu wa Kasai walipofukuzwa hapa Katanga na kuambiwa warudi kwao, watu waliozaliwa hapa, ambao "kwao" hawakuwahi kupaona. Wengine wa ukoo wangu waliondoka na mizigo kichwani, hawakurudi. Sisi tulibaki, lakini kila niliposema jina langu mahali papya nilikuwa nangoja kwanza kuona uso wa aliyelisikia. Nilikuwa naogopa, nasema kweli. Nilikuwa naogopa hata kununua mkaa kwa mtu nisiyemjua.

Ya Josée hakuwa mtu mbaya. Alinipa kiti. Lakini alinipa na sharti mbele ya wote: "Hapa kila muntu anafuma. Kama kazi hii inaisha na dantele yako haiye sawa, utarudisha kiti." Dantele ndiyo lesi kwa lugha yetu ya huku. Nikaketi. Kiti chenyewe kilikuwa na mguu mmoja mfupi, nikauwekea kipande cha kigae, nikakipenda kuliko kiti chochote nilichowahi kukalia.

Mama Veronika akanifundisha. Lesi ile inaanza nyembamba kwenye ukingo wake ulionyooka. Kila mstari unauzungusha uzi juu ya sindano, tundu linatokea, kitanzi kinaongezeka, lesi inapanuka pembeni mpaka inakuwa ncha. Ncha ikitosha, unavifunga vile vitanzi vilivyozidi, unarudi kwenye wembamba, unaanza ncha nyingine. Ni hivyo tu. Kazi yote iko katika kujua ni mstari wa ngapi na ni vitanzi vingapi vya kufunga.

"Usihesabu na namba," akaniambia. "Namba inakimbiaka. Muntu anakupigia hodi, umeisha kusahau. Sala haikimbiake."

Kwa hiyo wao walihesabu kwa rozari. Kila mstari Salamu Maria moja. Fungu la Salamu kumi likiisha, ncha imetosha, ndipo unasema Baba Yetu, na kwa kila kipande cha Baba Yetu, vipande kumi, unafunga kitanzi kimoja. Ukisema "utuopoe maovuni" umefika, ncha imekatika, unaanza upya. Chumba kizima kilikuwa kinafuma hivyo, midomo inatembea bila sauti. Masista ndio waliowafundisha hivyo, nadhani ili wasichana wasipige porojo, na porojo zilipigwa vilevile katikati ya Salamu na Salamu.

"Mama," nikamwambia, "mimi hapana Mukatolike. Mi niko Muprotesta."

"Nilikuuliza? Mudomo iko na kazi yake, mukono iko na yake."

Nikajifunza Salamu Maria. Sikuisali, niliihesabu. Nilimwambia Mungu hivyo kabisa usiku wa kwanza, asije akanielewa vibaya: Bwana, mimi nahesabu tu. Baba Yetu ndiyo sikuhitaji kujifunza. Hiyo niliijua tangu sijaota meno.

Na lesi yangu ikaharibika.

Haikuharibika pale pale, na hilo ndilo lililonitesa. Ncha ya kwanza inatoka nzuri. Ya pili imekonda kidogo. Ya tatu imekonda zaidi. Ukiitandika mezani unaona mkia wa panya, mpana huku, huko umeisha. Nikafumua, nikaanza tena, mkia wa panya. Nikabadili sindano. Nikakaa karibu na dirisha. Nikafuma taratibu, nikafuma upesi, mkia wa panya. Vitanzi vilikuwa vinapungua na sikuwa najua vinakwenda wapi. Ya Josée akipita nyuma yangu anashika lesi yangu kwa vidole viwili, anaiachia. Kazi ilikuwa inakaribia kuisha na kila jioni nilikuwa natazama kile kiti. Wengine walikuwa wameshaanza kunihurumia, na mnajua, ukihurumiwa kazini umeshaanza kuondoka.

Siku moja Mama Veronika akaiweka chini lesi yake. "Ngalula. Fuma, na usali na sauti. Nisikie."

Nikaona haya. Nikaanza. Salamu zikaenda vizuri, akawa anaitikia kwa kichwa. Nikaingia Baba Yetu, kitanzi kimoja, kitanzi kimoja. Nikasema "utuopoe maovuni," nikafunga. Na mdomo wangu haukusimama, wala mkono: "Kwa kuwa ufalme ni wako," nikafunga, "na nguvu," nikafunga, "na utukufu, hata milele," nikafunga.

Akainua kiganja. "Simama. Ile inatoka wapi?"

"Njo mwisho ya Baba Yetu, Mama."

"Mwisho ya nani?"

"Ya baba yangu," nikasema.

Na ni kweli. Marehemu baba yangu alikuwa shemasi wa kanisa letu, na kila jioni ya maisha yake alitumalizia sala kwa maneno hayo, sauti yake ikishuka kwenye "milele" kama mtu anayeweka mzigo chini. Wakatoliki wanaishia njiani kabla ya hapo. Mimi nilikuwa sijui kwamba wanaishia njiani, na wao hawakujua kwamba mimi ninaendelea, maana wote tulikuwa tunasali kimoyomoyo. Na katika kila ncha nilikuwa nafunga vitanzi vitatu ambavyo lesi ile haikuwa navyo. Ufalme, nguvu na utukufu vilikuwa vinaila lesi yangu.

Chumba kilicheka mpaka mtu mmoja akatoka nje. Mimi pia nilicheka, kisha nikalia kidogo, kwa kuwa nilikuwa nimeanza kuamini mikono yangu imelaaniwa.

"Basi akate," akasema Ya Josée. "Ni maneno kidogo. Asimame pa maovuni sawa bantu bote."

Nikajaribu. Wasichana, nilijaribu kwa siku kadhaa, na sikuweza. Mdomo ukisimama pale, mkono unasimama nao, naduwaa, nimepotea, sijui niko mstari gani. Na nikijilazimisha kupita, namwona baba yangu amekaa pale kwenye mkeka anangoja nimalize. Nilikuwa nimekubali mengi katika miaka ile. Nilikuwa nimekubali kujibu salamu kwa lafudhi isiyo yangu sokoni ili wasinijue. Hili lilinishinda. Nikamwambia Ya Josée kwamba nitarudisha kiti kazi ikiisha.

Mama Veronika alikuwa anasikiliza. Siku hiyo aliondoka mapema na birika lake chini ya kanga, na kesho yake akaja na kipande cha lesi, akakitandika juu ya goti langu. Ilikuwa lesi yetu ile ile, lakini pana zaidi. Katikati, kati ya ukingo na ncha, alikuwa ameongeza mizunguko ya uzi, na pale ilikuwa imetokea safu ya matundu madogo mazuri, na ncha zimekuwa ndefu. Nikaihesabu kwa kidole. Vitanzi vya ziada vilikuwa vitatu.

"Hapa iko ufalme," akasema, akigusa tundu la kwanza. "Hapa nguvu. Hapa ile ingine."

"Utukufu."

"Utukufu. Sasa sali paka mwisho yako." Mpaka mwisho wangu, ule wa baba.

Ya Josée alikuwa ameshafika. "Mama Veronika! Madame anatafuta sawasawa na ya mufano! Atarudisha!"

"Madame iko na mudomo, atasema mwenyewe." Kisha akamgeukia, na sauti yake haikuwa ya mzaha tena. "Josée, huyu banamukatia bintu mingi. Sala yake hatukate. Tutapanua dantele."

Wote waliokuwa mle ndani walijua ni mambo gani niliyokatiwa, na ni nani waliokata, na kwamba baadhi ya wakataji walikuwa kaka zao na waume zao. Ya Josée akaenda kwenye meza yake akashika mkasi, na ulikuwa hauna kitambaa mbele yake. Mimi nikafuma ncha moja. Nikafuma ya pili, ya tatu. Nikazitandika. Zilikuwa sawa.

Tulituma kazi, na lesi yangu pana tukaitia kwenye magagulo mawili, chini kabisa ya rundo, kama watu wanaoficha nyanya mbovu. Mpaka Madame alipopiga simu sikulala vizuri. Akasema mashimizi yako sawa, suruali safari hii ziko wazi, Mungu asifiwe. Halafu akauliza nani amefuma ile pana.

"Ni Muprotesta wetu," akajibu Ya Josée, upesi, kama mtu anayejitetea. Nililisikia lile neno "wetu". Sijui kama yeye alilisikia.

Madame akasema kwamba hata wanawake wa zamani hawakuwa na lesi moja, kila nyumba ilikuwa na yake. Kwenye mkono wa shimizi ile pana haifai, ingekwaruza kwapa. Lakini gagulo linataka uzito chini ili likae. "Ile ya kupana mutie ku majupon," akasema. Hakuisifu sana. Alisema tu mahali pake. Nami nikapata mahali pangu, maana tangu siku hiyo lesi ya magagulo ikawa yangu, na jina lake likawa "dantele ya Protesta", hata katika vifurushi tuliandika hivyo.

Mama Veronika hakuifuma tena ile pana. Nilimwuliza mara nyingi kazi ilipozidi anisaidie. "Ile ni yako," anasema. "Mi nasimama pa maovuni, napumuzika." Na kunitania hakuacha. Akiniona asubuhi, badala ya kuniuliza hali, ananiuliza, "Ufalme iko namna gani?" Nami namjibu, "Iko na nguvu, Mama." Alikuwa ananichokoza pia kwamba hata wao huyasema maneno yangu katika misa, ila padri akishasema yake kwanza, kwa hiyo mimi si mzushi, ni mtu wa haraka tu.

Miaka ikaenda. Nyinyi mmeyakuta mambo ya sasa: Madame alizeeka, duka akaliachia mpwa wake, mpwa anatuma picha kwa simu, unaivuta kwa vidole viwili unaona mpaka uzi wa kitambaa. Ni nzuri, sisemi. Ingetuokoa na ile aibu ya suruali, labda, ingawa nawajua wale wanawake, wangedhani hata picha imepasuka. Mmeleta mashine ya kutoa tundu la kifungo, nayo ni nzuri, mpaka umeme ukatike na mbaki mnaitazama. Wasichana waliokuja nyuma yangu nilijaribu kuwafundisha kwa sala. Mmoja alikuwa wa kanisa la uamsho, wale wanaosali wanavyojaliwa, hakuna mwanzo hakuna mwisho. Nikamwambia, mwanangu, wewe hesabu kwa namba tu, maana lesi yako ingefika Kipushi.

Mama Veronika aliingiwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Aliendelea kufuma kwa vidole, na lesi yake haikubadilika, ingawa tulijua hatofautishi tena mchana na lampu ila kwa joto. Mwisho binti yake akamchukua akakae naye. Nilikuwa namtembelea. Anashika mkono wangu, anapapasa vidole vyangu kimoja kimoja kama anahakikisha havijapungua, anauliza habari za ufalme. Birika lilikuwa pembeni ya kitanda. Nilidhani limebaki la kumliwaza tu.

Alikufa majira ya mvua. Kwenye matanga nilikaa uani na wanawake, chini ya turubai lililokuwa linavuja kona moja, na wao wakasali rozari, fungu baada ya fungu. Mimi nilikaa kimya kwenye Salamu kama nilivyokaa kimya kwenye matanga yote ya Kikatoliki ya maisha yangu. Lakini vidole vyangu vilikuwa vinatembea juu ya goti, na mama mmoja jirani akanitazama akadhani ninahesabu deni.

Matanga yalipoisha, binti yake akanifuata na birika.

"Mama, hii hatujue tuifanye namna gani. Mule iko uzi na reyo za kinga. Alikuwa nayo paka siku ya mwisho."

Reyo za kinga ndizo zile spoku za baiskeli. Nikaenda nalo nyumbani. Mchana ule nikakaa mlangoni penye mwanga, nikafungua kifuniko. Ndani, juu ya donge la uzi, kulikuwa na lesi imeviringwa, na mwisho wake ungali juu ya zile spoku za baiskeli. Nikaikunjua. Ilikuwa ndefu, ilinishukia mapajani mpaka chini, na haikuwa na kazi yoyote iliyoagizwa. Nikapitisha kidole kama alivyonifundisha. Nikapata tundu. Nikapata la pili. Nikapata la tatu.

Ilikuwa pana yote, tangu mwanzo wake.

Nyinyi sasa mnaielewa lesi hii, kwa hiyo sina haja ya kuwaeleza, lakini nitasema kwa sababu napenda kulisema. Mama Veronika hakuwa anaona. Hakuwa anajua kuhesabu lesi kwa namba, na hakutaka. Lesi ile haifumwi bila kusema mpaka mwisho. Miezi yote ile, peke yake kitandani, kila ncha, alipofika maovuni hakusimama kupumzika. Aliendelea na baba yangu.

Nililia pale mlangoni, na jirani zangu wakaniona, na sikujali.

Halafu nikashika zile spoku. Alikuwa ameishia katikati ya ncha, katikati ya fungu la Salamu, na kwa vitanzi vilivyokuwa juu ya sindano niliweza kujua alikuwa amebakiza mistari gani. Nikavuta uzi kwenye mdomo wa birika, ukaja, safi. Nikaanza pale alipoachia. Nikasema Salamu Maria kwa sauti, mstari mmoja, nikasema ya pili, na safari hii sikuwa nahesabu.